Wavu kwenye snorkeli: wa tundu gani, ukae wapi, na wapi usiwekwe kabisa

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ na snorkeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka usawa wa paa, nabeba watalii kutoka Arusha kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Tangu mvua zianze, kila nikifungua boksi la filta ya hewa nakuta nondo, mabawa ya kumbikumbi na majani makavu. Fundi wangu wa Unga Limited anataka tuweke wavu wa mbu mdomoni mwa snorkeli, na kipande kingine baada ya filta ili kinase vumbi linalopenya. Je, gari halitapungua nguvu? Na mbele ya rejeta niweke? Halafu kuna panya wameingia kwenye njia ya hewa ya feni ya ndani, gari likiwa limelala nyumbani Sakina. Hao nao nawazuiaje?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kabla fundi wako hajashika mkasi, kile kipande cha baada ya filta mkatalie. Huo wa mdomoni tutauongea, una faida yake ukiwekwa vizuri. Lakini kati ya filta na injini hapakai waya wa aina yoyote, hata uwe wa bei gani. Injini inatetemeka muda wote, na barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi unaijua mwenyewe inavyotikisa gari. Waya ukitetemeshwa kila siku huchoka, siku moja kinakatika kiuzi kifupi tu, na baada ya hapo hakuna kizuizi kingine: kinapita kwenye valvu na kutua juu ya pistoni. Injini yako haina tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini. Ingekuwa nayo, kiuzi hicho kingekutana kwanza na mapanga yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na tabo ingekufa hapo hapo.

Tena hata kisipokatika, hakitanasa vumbi lolote. Tundu la wavu wa kawaida wa dirisha lina upana wa milimita 1.2 hivi, yaani maikroni 1,200. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 au karibu na hapo. Vumbi linalosaga ringi na silinda ni dogo kuliko huo unywele mara kadhaa, na ndilo linaloelea nyuma ya gari linalokutangulia kwa dakika nzima bila kutua. Huko unakopita ni baya zaidi, kwa sababu udongo wa nyanda za mashariki mwa Serengeti na Ngorongoro umetokana na majivu ya volkano, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, nayo majivu yana kingo kali. Kazi ya kulizuia ni ya karatasi ya filta. Wavu ni wa takataka zinazoonekana kwa macho: nondo, majani, nyasi, nyuki, panya. Mtu akikuambia wavu wake unazuia vumbi, ama hajui au anakuuzia.

Sasa suala la nguvu. 1HZ ina ujazo wa lita 4.16 na kila mizunguko miwili inavuta ujazo wake mara moja. Ukiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, hiyo ni mara 1,000, kwa hesabu ya karatasini lita 4,160 za hewa kila dakika. Kihalisia ni pungufu kidogo kwa sababu silinda hazijai kabisa. Chukua yale matenki meusi ya maji ya lita 2,000 yanayokaa juu ya nyumba: karibu mawili yanapita kwenye lile bomba kila dakika, na hapo hujakanyaga mafuta sawasawa. Ukifika mizunguko 3,800, ni karibu mara mbili yake.

Halafu ongeza na mwinuko. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapa tu kanieneo ya hewa imeshapungua kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mita 2,300, pale imepungua karibu robo. Gari la tabo linajitetea, linasukuma. La kwako linapokea kile kinachoingia chenyewe. Ndiyo maana jambo ambalo dereva wa Tanga angelibeba bila kuona tofauti, wewe utalisikia ukipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu: moshi mweusi, gia ya pili badala ya ya tatu, na mafuta yanakwenda. Hewa ikipungua na pampu ikaendelea kumimina dizeli ile ile, dizeli ya ziada inatoka kwenye egzosi kama masizi.

Kwa hiyo jibu la "je, litapungua nguvu" linategemea eneo lililo wazi, na hesabu yake ni ya darasani. Chukua upana wa tundu, ugawe kwa upana wa tundu pamoja na unene wa waya, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Wavu wa mbu wenye tundu la milimita 1.2 na waya wa 0.28 unakupa asilimia 66 tu iliyo wazi, theluthi nzima ni waya. Wavu wenye tundu la milimita 3 na waya wa nusu milimita unakupa 73. Ule wa mraba wa robo inchi, wenye waya wa milimita 0.7, unafika 80.

Bomba la snorkeli la inchi 3 lina eneo la sentimita za mraba 45 hivi. Fundi akikata kiduara cha wavu wa mbu na kukibana ndani ya bomba hilo, amebakiza sentimita 30. Yaani umelipia snorkeli ya inchi 3 halafu umeigeuza kuwa ya inchi mbili na nusu, kasoro. Na hapo wavu ni msafi na mkavu. Wavu wa tundu dogo una tabia nyingine mbaya, ambayo utaiona ukimwagia maji dirisha la jikoni: maji yanabaki kama ngozi kwenye tundu, hayadondoki. Mvua ya Aprili ikikupiga ukiwa mwendo kasi, sehemu kubwa ya tundu zako zimezibwa na maji. Weka kumbikumbi mia hapo juu uone.

Ushauri wangu ni huu. Tumia stenlesi ya tundu la milimita 2.5 hadi 3, uiweke mdomoni kabisa, kwenye kile kichwa cha snorkeli, mahali ambapo njia ni pana. Pima urefu na upana wa mdomo wako. Wenye sentimita 10 kwa 15 una eneo la 150, na kwa wavu wa asilimia 73 unabaki na 110 wazi, zaidi ya mara mbili ya bomba. Hicho ndicho kipimo ninachotumia: eneo lililo wazi kwenye wavu lisipungue mara mbili ya eneo la bomba. Likipungua, wavu usiwe bapa. Ufinyange uwe kama kikombe kilichotokeza nje, eneo linaongezeka na wadudu wanaokwama pembeni hawazibi katikati. Vidudu vidogo kama visubi vitapita, na vipite tu. Filta ipo.

Stenlesi utaitambua kwa sumaku, ama haishiki kabisa au inashika kivivu. Mjini Moshi na vijiji vya mlimani wavu wa kuanikia kahawa unapatikana kirahisi na watu huutumia. Si mbaya, ila pima tundu zake kwanza, na kama umepakwa zinki ujue ukikunjwa kunjwa zinki inabanduka na kutu inaanza. Mbele ya filta hilo si janga, vipande vinanaswa. Utaubadilisha tu mapema.

Namna ya kuufunga ni muhimu kuliko wavu wenyewe. Nimeona vichwa vya snorkeli vilivyopakwa silikoni pande zote kama tanki la samaki. Silikoni ikikauka kwa jua inaachia, wavu unavutwa ndani, unaenda kuziba kona ya bomba. Nimeona pia skrubu za bati zimetobolewa kutoka nje kuingia ndani, ncha iko katikati ya njia ya hewa, inasubiri kulegea. Kata wavu ukiwa mkubwa kuliko mdomo kwa sentimita 2 kila upande. Kunja kingo kuelekea nje mara mbili, ziminye na plaizi mpaka kusiwe na ncha ya waya iliyobaki huru. Hapa usifanye haraka, pitisha kidole polepole, kama kinakwaruzwa bado. Kama kichwa cha snorkeli kina shoo ya plastiki, yaani grili ya mbele, wavu ukae nyuma yake, ubanwe kati ya shoo na kichwa kwa bolti zile zile za mwanzo. Kama hakina, mtu wa bati akukunjie fremu ya alumini ya kuvalisha kwa nje na kubana kwa klipu ya mpira wa maji. Kwa mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kila kitu kiwe cha kutoka kwa nje, ili kikilegea kidondoke barabarani badala ya kuvutwa ndani.

Sasa acha kukisia, pima. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue mita 3 za mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha, ambao waashi wanajaza maji kusawazisha ukuta. Kwenye bomba linalotoka boksi la filta kwenda injini tafuta chuchu ndogo ya kiashiria cha filta. Kama haipo, bomba litolewe kabisa garini ndipo litobolewe, lisafishwe, lirudishwe. Usitoboe likiwa mahali pake. Chomeka ncha moja ya mpira, ning'iniza mpira uwe umbo la U lenye kina cha mita moja au zaidi, weka maji yenye rangi mpaka nusu ya kina hicho, ncha ya pili iache wazi. Kina hicho usikipunguze, maji yasije yakavutwa kuingia injini. Mmoja akanyage mafuta polepole hadi mizunguko 3,500 na kushikilia sekunde chache, mwingine na rula asome tofauti ya usawa wa maji pande mbili. Kwa dizeli isiyo na tabo wala kipepeo cha kubana hewa, kama hii yako, unaweza kupima gari likiwa limesimama, maana inavuta karibu hewa ile ile iwe na mzigo au haina. La tabo halipimiki hivyo, lazima lipande mlima.

Soma bila wavu, kisha na wavu. Tofauti ikiongezeka zaidi ya sentimita 2 za maji, wavu wako unabana, tafuta wa tundu kubwa au ongeza eneo. Jumla yake nayo inakuambia hali ya filta. Kwa injini kubwa za dizeli watengenezaji wengi huweka kikomo cha inchi 25 za maji, kama sentimita 63. Wewe wa kupanda Ngorongoro usingoje kufika huko. Ukiona namba imekuwa mara mbili ya ile ya filta mpya, badilisha.

Kuna jambo linalosaidia kuliko wavu na halina gharama: geuza kichwa cha snorkeli. Vingi vimeshikwa kwa klipu moja tu. Ukiwa kwenye msururu wa magari yanayotoka lango la Lodoare asubuhi, au usiku wa kumbikumbi, kielekeze nyuma. Hutapoteza kitu cha maana kwenye mwendo wa hifadhini, na wadudu, mvua na vumbi zito kwa sehemu kubwa vinapita bila kuingia. Mimi ningeanza na hilo wiki moja kabla hata ya kununua wavu. Na taa za mbele zikiwaka kambini, zima injini. Kumbikumbi hufuata taa, na injini inayonguruma inawavuta walioko karibu na mdomo.

Nikirudi kwenye "vumbi linalopenya" la fundi wako. Kama kweli linapenya, kuna mahali pana mwanya, na wavu hautauona. Toa bomba la baada ya filta, zungushia kidole kitambaa cheupe, futa ndani. Kikitoka kimelowa ukungu wa oili tu, uko salama. Kikitoka na rangi ya udongo, injini yako inakula vumbi sasa hivi. Angalia mpira wa mduara wa filta kama umekakamaa au umekunjwa, klipu za boksi, na ule mpira mrefu wa kutoka snorkeli kuja kwenye boksi, hasa upande wa chini ambao hakuna anayeuangalia. Huo wa mwisho ukipasuka hautaingiza vumbi moja kwa moja kwenye injini, filta bado ipo mbele, lakini unavuta hewa chafu ya kando ya tairi, na siku ya kuvuka mto unavuta maji. Chini ya boksi la magari haya mara nyingi kuna kimpira chenye mdomo wa kujifunga, cha kudondoshea vumbi zito. Wengi wameking'oa kwa sababu "kimechoka", pamebaki tundu. Kirudishe.

Na filta isigongwe kwenye tairi! Karatasi inachanika kwenye mikunjo mahali usipopaona. Pulizia kompresa kwa mbali, kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo wa chini.

Rejeta ni habari nyingine, na hapo wavu wa mbu wa fundi wako unafaa. Eneo la rejeta ni kubwa mno kuliko bomba, kwa hiyo theluthi inayopotea inavumilika, na mbegu za nyasi ni nyembamba, kwenye wavu wa tundu kubwa zinapenya na kujichoma kwenye mapezi ya rejeta. Tengeneza fremu ya kuchomoa, ikae nyuma ya shoo, isiguse rejeta wala kondensa ya AC. Acha sentimita 3 hadi 5. Lakini hii si ya kufunga na kusahau. Wavu uliojaa nyasi ni sawa na kufunga kadibodi mbele ya rejeta, na ukipanda polepole kuelekea Karatu na AC imewashwa, geji itaanza kupanda na silinda hedi ndiyo italipa. Jioni uchomoe, uukung'ute. Sema ukibaki barabarani kama sheria za hifadhi zinavyotaka, nyasi hazitakusumbua sana. Wanaoumia ni wale wa Simanjiro na njia za kwenda Natron, ambako majani yanaota katikati ya barabara yenyewe. Kwa safari zako, funga fremu msimu wa nyasi ndefu tu, kiangazi toa. Rejeta iliyokwisha kujaa isafishwe kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yote.

Panya. Hewa ya feni ya ndani inaingilia chini ya kioo cha mbele, pale wiper zinapolala. Hapo wavu wa mbu haufai, panya anautafuna kama ni wa plastiki. Weka ule wa mraba wa robo inchi, wa chuma, chini ya kifuniko cha plastiki, ufungwe kwa zipu za plastiki za kufungia nyaya kwenye matundu yaliyopo. Panya mdogo hupita tundu la upana wa kidole cha mwisho, kwa hiyo usizidishe robo inchi na usiache pengo pembeni. Ukiwa umefungua, zoa majani na zibua njia za maji za pande zote mbili. Maua ya mijakaranda ya hapa mjini, Oktoba na Novemba, yanaoza pale na kuziba, maji yanapita ndani hadi kwenye mazulia na fyuzi. Lakini kabla ya kuweka wavu hakikisha panya hayumo, usije ukamfungia. Na angalia chini ya viti: makombo ya lanchi boksi, mifupa ya kuku, ganda la ndizi. Hicho ndicho kilichomleta panya kwenye gari lako hapo Sakina akaacha la jirani.

Kama nyumbani kuna Noah au RAV4, usiwaige hawa wa Land Cruiser. Mdomo wa hewa wa magari hayo umejificha mbele, karibu na taa. Wavu wa robo inchi mwanzoni kabisa mwa bomba unatosha kuzuia panya. Karibu na sensa ya hewa usiweke chochote, hewa ikivurugika sensa inasoma uongo na taa ya injini inawaka. Kama sensa yenyewe ilikuja na kiwavu cha kiwandani, kiache, kimewekwa kunyoosha mtiririko wa hewa.

Mwisho, Aprili na Mei gari likiwa limepaki kwa kukosa wageni, nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana mabomba matulivu. Wavu wa milimita 3 utawazuia mdomoni mwa snorkeli, ila si kwenye mipira ya kupumulia difu na giaboksi, nayo ikizibwa oili inatafuta njia kupitia sili. Ikague hiyo pamoja na wavu kabla ya kupokea wageni wa Juni.